Udongo Ulioteremka

Hapana, hakumpiga mdogo wake. Nani kakuambia alimpiga? Hiyo ni chumvi ya watu wa bondeni, ambao mlimani hawapandi ila wakisikia kuna msiba au ugomvi. Mchwa hakuinua mkono. Na afadhali angeinua, maana kofi linauma likapoa, mtu akajifuta akaenda zake. Alichofanyiwa yule bwana na ndugu yake wa tumbo moja, nakuambia, hakina pa kujifuta. Kaa vizuri nikueleze tangu mwanzo, maana ukidakia katikati utabaki unashangaa, watu wazima na mvi zao kugombania udongo. Udongo huu huu unaoukung'uta kwenye viatu.

Kule hawakung'uti. Ule mlima wote ni jiwe. Usione majani yamesimama ukadhani chini kuna ardhi ya maana. Piga jembe kwa nguvu uone: linagonga, linaruka, na mkono unakufa ganzi mpaka begani. Juu ya mwamba kuna udongo kidogo tu. Mahali pazuri ukichomeka vidole unaishia kwenye kifundo cha mkono. Mahali pabaya unafunika kucha, basi. Na wenyewe umejaa changarawe, ukiupepeta ungo mzima unabaki na konzi mbili. Halafu mvua ya kule ni ya kubahatisha. Inakaa mbali mpaka watu wanaisahau sura, na siku ikija inakuja na hasira zote, inateremka inabeba kila kitu ambacho hakikushikwa.

Kwa hiyo watu wa kule wanashika. Wanajenga kuta kukata mteremko, moja chini ya nyingine kama ngazi. Si kuta za saruji. Mawe matupu, jiwe limebanwa na jiwe, makubwa chini, ya kadiri katikati, na nyuma yake kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki. Ukuta ukikosea kidogo, mvua moja inakuachia mwamba mtupu, ukakae juu yake uote jua kama mjusi.

Mchwa ndiye alikuwa hodari wa kuta hizo. Jina lake la kweli hata mkewe ilibidi afikirie kwanza. Mama yake ndiye alimwita Mchwa tangu mdogo, maana mvua ikishusha udongo, yeye anatwaa kikapu anaufuata chini, anaupandisha kichwani, anaumwaga, anarudi. Kidogo kidogo, siku nenda siku rudi. Baba yao alipofariki shamba la juu likawa lake, la chini likawa la mdogo wake.

Mdogo wake naye alikuwa na jina lake. Bwana Kesho. Huyo sasa! Wenzake wamepanda, yeye anatafuta mpini wa jembe. Wenzake wanapalilia, yeye ndiyo kwanza anaulizia mbegu. Watu walikuwa wakisema siku akifa mazishi yake yataahirishwa, na anayecheka kuliko wote ni yeye mwenyewe. Mtu wa watu, mcheshi, mnaweza kuwa mmenuniana nyumba nzima akaingia yeye mkaanza kucheka bila kujua mnacheka nini. Na aliyempenda kuliko wote ni Mchwa. Alimbeba mgongoni utotoni, akamtafutia mke, na nyumba yenyewe walijenga pamoja, yaani Mchwa alijenga na mwenzake alisimulia hadithi.

Sasa shika jambo hili moja, kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu. Mlimani pale wana utaratibu wao. Udongo ukiteremka na mvua ukaingia shamba la chini, bado ni wa mtu wa juu. Anashuka na kikapu chake anauzoa, na hakuna wa kumuuliza. Lakini wa chini akishatia mbegu ndani yake, yamekwisha. Udongo ni wake. Hakuna mtu pale anayefukua chakula cha mwenzake, hata kama kimeota juu ya mali yake. Ndiyo maana mvua ya kwanza ikinyesha, watu wa juu hawalali ndani. Wanashuka na vikapu wakiwa wamelowa chapachapa, kabla wa chini hajaamka. Na Mchwa hakuwa na haja ya kukimbia. Wa chini yake alikuwa Bwana Kesho!

Mwaka ule binti yake Mchwa alikuwa mjini na mimba yake ya kwanza, na daktari alimwambia alale, asiinue hata sufuria. Mumewe ni dereva wa lori, yuko safarini. Mke wa Mchwa akafunga mzigo.

"Na wewe unakuja," akamwambia mumewe.

"Mimi nikafanye nini kwenye mambo ya uzazi?"

"Maji ya ghorofani nitabebewa na nani? Mkweo hayupo. Umezoea kubeba, kabebe maji."

Mchwa akatazama ukuta wake. Alikuwa ametoka kuukarabati, na mawingu yalikuwa yanaanza kukaa mbali huko, kidogo kidogo. Akamwita mdogo wake, wakatembea pamoja ukingoni kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mvua ikianza, pita hapa uangalie. Jiwe likilegea, libane mapema. Udongo ukishuka, nizolee hata pembeni tu, nitaupandisha mwenyewe nikirudi. Na usiniambie kesho."

"Leo leo, kaka," yule akasema, na mkono kifuani. "Nenda kamlaki mjukuu. Ukuta huu nitaulala."

"Utaulala kweli, nakujua."

Wakacheka. Mama yao alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, kile kinachotazama mteremko, naye akacheka.

Mjini binti alipanga chumba kimoja cha ghorofani, kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye korido ndefu yenye harufu ya sabuni na mafuta ya taa. Maji yalikuwa bombani chini, uani, na ndoo zimepangwa foleni kabla hata ya jogoo. Chini ya ngazi fundi cherehani alikuwa akishona tangu asubuhi, na Mchwa akipita na ndoo kichwani yule fundi anamwambia, "Mzee, hilo tangi halitajaa leo?" Naye anajibu, "Ninyi mjini mnakunywa sana." Jioni anasimama kwenye kidirisha, anapapasa ukuta wa nyumba, anatafuta maji yanapotokea. Binti yake kitandani anacheka. "Baba, huo umepigwa plasta." "Naona," anasema, "lakini ukuta usio na pa kupumulia siuamini."

Na kila jioni alipiga simu nyumbani.

"Ukuta, kaka? Umesimama kama askari wa gwaride."

"Mvua je? Huku naona mawingu yanaelekea kwetu."

"Manyunyu, kaka. Vumbi limelala tu. Ningekuwa na la kukuambia si ningekuambia?"

"Nafikiria nije mara moja nitazame, kisha nirudi."

"Uje kutazama nini? Mawe? Kaa na mwanangu. Usiponiamini mimi utamwamini nani?"

Mchwa akaona aibu kwa kuuliza. Akaomba aongee na mama. Mama naye akauliza habari za mgonjwa, akasema huku salama, akakata mapema kuliko kawaida yake. Mchwa akasema ni uzee, simu inamchosha.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mwenye sauti kama filimbi ya refa. Mkwe akarudi na lori lake. Mchwa akaaga, akamwambia binti yake, "Sasa naenda kumtafutia mjukuu wangu cha kula," na yeye na mkewe wakarudi.

Chini ya mlima pana duka. Wakasimama kununua chumvi na viberiti. Muuza duka alipomwona akaruka kaunta nzima.

"Mzee Mchwa! Hongera ya mjukuu! Na hongera ya ndugu yako pia."

"Ndugu yangu naye kazaa?"

"Afadhali angezaa, hilo tumelizoea. Kapanda! Siku ya kwanza ya mvua! Alikuja hapa kununua mbegu wingu halijakaa sawa, ananiharakisha mimi, ebu fikiria, Bwana Kesho ananiharakisha mimi. Nikamwambia mke wangu, huyu ama kaota ama anaumwa."

Mchwa alicheka. Alicheka vizuri kabisa, mpaka akashika meza. Halafu kile kicheko kikaanza kumwishia kidogo kidogo, kama redio yenye betri kuukuu.

"Hiyo mvua ya kwanza," akauliza, "ilikuwa manyunyu?"

"Manyunyu? Iling'oa bati la choo changu! Mke wangu mpaka leo anaingia na mwavuli."

Mkewe alimtazama, akachukua chumvi mwenyewe, maana Mchwa alikuwa ameshatoka.

Kuna mahali njia inapinda kwenye jiwe kubwa, na ukipita hapo unaona mashamba yote mawili kwa mara moja, la juu na la chini. Mchwa alipofika pale alisimama. La chini lilikuwa kijani. Mtama umesimama mistari mistari, umefika magotini, na katikati yake kunde zimetambaa. Shamba ambalo miaka yote lilikuwa na vijiti vichache vyenye njaa! Na la juu, la kwake, lilikuwa jeupe. Mwamba. Kama mtu amelala na mwingine akaja akamvuta blanketi lote, akamwacha na mbavu nje. Huku na huku kwenye nyufa palikuwa na kaudongo kalikojibanza, na magugu mawili matatu.

"Mzee wangu," mkewe akasema, "keti kwanza."

"Nikae wapi?" akajibu, na kweli hapakuwa na mahali.

Unafikiri alikimbilia kwa mdogo wake? Hapana. Alikwenda ukutani. Bado alikuwa anamtafutia mwenzake nafuu, unaona? Alikuwa anaomba mvua iwe ndiyo yenye makosa. Ukuta ukizidiwa na maji unavimba tumbo kwanza, halafu unapasuka katikati, na mawe yanaviringika hovyo mpaka mbali. Basi akatafuta tumbo lililopasuka. Hakulikuta. Juu ukuta ulikuwa mzima, umesimama kama askari wa gwaride kweli. Ulikuwa umefunguliwa chini, miguuni, mahali pengi, kila mahali jiwe moja la msingi limetolewa, na yale mawe yalikuwa yamewekwa pembeni, yameegemezwa vizuri, moja juu ya jingine. Akainua moja. Chini yake kulikuwa na nyasi kavu zimelaliwa, za kiangazi, hazikuguswa na tone. Akainua la pili. Vile vile. Maana yake mvua iliyakuta tayari yako pale.

Mchwa akarudisha lile jiwe polepole kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala kitandani.

Akaenda kwa mama yake. Bibi alikuwa kizingitini pake, anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua uso.

"Umerudi, mwanangu. Mtoto kafanana na nani?"

"Mama, mvua ndiyo imefanya vile?"

"Mvua ilinyesha."

"Sikuuliza kama ilinyesha."

"Macho yangu siku hizi hayafiki mbali."

"Juzi ulimwambia mke wangu kwenye simu umeona mbuzi wa jirani ukingoni kule juu. Ukamtaja mpaka na pembe iliyovunjika."

Bibi akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. Akaokota kingine.

"Nimewazaa wote wawili," akasema.

"Na simu ulishika ukaniambia salama."

"Ulitaka niseme nini? Binti yako yuko kitandani na mimba ya kushikilia kwa pumzi, wewe uko naye, nikutie moto huko huko? Na yule ana watoto wanalala wanasikiliza matumbo yao. Nilimwona, ndiyo. Nilimwita. Akaniambia, mama, ingia ndani. Nikaingia ndani."

Hapo ndipo lilipomuuma Mchwa. Udongo ni udongo, alishaubeba maisha yake yote, angeubeba tena. Lakini alihesabu zile jioni za simu, sauti mbili anazozijua kuliko yake mwenyewe, na jinsi alivyokuwa anarudi kitandani akimwambia mkewe, "Kule shwari, nimeongea nao." Akajiona mjinga mzima, amesimama dirishani mjini akipapasa plasta huku mama yake na mdogo wake wanamzunguka.

Sasa, Bwana Kesho alikuwa amesikia wamefika, akaja mwenyewe, mikono imefunguliwa tangu mbali.

"Babu! Babu mpya! Njoo nikuone kama umeota kipara!"

Mchwa alikuwa amesimama ukingoni, kwenye ile njia katikati ya mashamba mawili. Hakusogea. Yule mwingine akafika karibu, mikono ikaanza kumshuka yenyewe.

"Kaka."

"Yale mawe uliyatoa lini?"

"Mawe yapi?"

"Usinifanye hivyo. Ulishanifanya kwenye simu, inatosha. Maji hayapangi mawe."

Bwana Kesho akatafuta mzaha. Unamwona kabisa anautafuta, anapapasa kama mtu aliyesahau ufunguo uko mfuko gani. Hakuupata. Uso ukamshuka.

"Siku moja kabla ya mvua," akasema. "Basi. Nimesema."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Unaniuliza mimi kwa nini?" Na hapo sauti ikampanda. "Baba alikuwa anaacha midomo kwenye ukuta. Unakumbuka au hukumbuki? Kila baada ya hatua kadhaa aliacha mdomo, kidogo, ili cha juu kishuke kwa wa chini. Alipokufa ukaiziba yote. Ukuta mzuri! Watu wanakuja kuutazama! Kila mwaka unaunyanyua, na mimi huku chini nalima changarawe. Hakuna kinachoshuka, kaka. Hata vumbi!"

"Ungeniambia."

"Nilikuambia! Mara ngapi? Ukacheka. Kila nikisema mnacheka. Nikisema shamba halioti mnasema ni kwa sababu nachelewa kupanda. Nipande mapema nini? Mawe?"

Mchwa alitazama ule ukuta. Ni kweli alikuwa akicheka. Wote walikuwa wakicheka. Akasema:

"Basi ungekuja usiku na mtalimbo ukauvunja wote, ningejua una hasira na mimi. Ungenitukana. Lakini ulitembea na mimi hapa. Mkono kifuani. Ulingoja nikaenda kumuuguza mtoto wangu. Na ukaniambia kila jioni. Kila jioni, mdogo wangu."

"Ungerudi ungeuzoa."

"Ndiyo. Ningerudi ningeuzoa. Ulikuwa wangu."

Wakati wanasema hayo, mke wa Bwana Kesho alikuwa ndani ya mtama na jembe lake, anapalilia, na hawakumwona. Alisimama. Yule mama ni mtu wa maneno machache, wanawake wenzake wanasema ukimsalimia asubuhi anakujibu saa sita. Alikuwa amepanda ule mtama kwenye mvua, na mtoto mgongoni, mumewe mbele anachimba mashimo yeye nyuma anatia mbegu, tope magotini, na alikuwa na furaha, eti mume amebadilika. Alimpigia mama yake mzazi kumwambia. Alipita majirani wote na kichwa juu.

"Ulisema ukuta ulipasuka," akamwambia mumewe.

"Wewe ingia ndani."

"Nikakuuliza, kaka anajua? Ukasema kaka ameturuhusu tupande."

"Mama nanii, nimesema ingia ndani."

Hakuingia. Akaweka jembe chini. Akainama akashika shina la mtama kwa mikono miwili, akaling'oa, akalitupa njiani miguuni kwa mumewe. Akashika la pili. La tatu. Halafu hakuangalia tena mtu, akafuata mstari, anang'oa huku na huku, na mtama ukawa unaanguka nyuma yake na mizizi yake ikidondosha udongo. Unaelewa alikuwa anafanya nini? Shamba likikosa mbegu, udongo unarudi kuwa wa mtu wa juu. Alikuwa anamrudishia Mchwa mali yake, kwa chakula cha watoto wake.

"We mwanamke una wazimu!" Bwana Kesho akapiga kelele. "Hicho ni chakula!"

"Kula basi," akasema, akamtupia kingine.

Kule juu bibi akaangusha ungo, maharage yakatawanyika mlangoni. Mke wa Mchwa akakimbilia kwa shemeji yake. Lakini aliyefika kwanza ni Mchwa. Aliingia kwenye ule mtama, shamba ambalo hakulikanyaga tangu likue, akamshika yule mama mikono yote miwili, imejaa tope na imechanika na majani.

"Shemeji. Acha."

"Nilijivunia, shemeji," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Nilipita kwa watu nikijivunia."

"Najua. Acha sasa. Watoto watakula nini?"

"Na wewe utakula nini?"

Mchwa akageuka akatazama. Karibu nusu ya shamba ilikuwa imelala chini. Nusu ilikuwa bado imesimama. Angeweza kusema, endelea. Nani angemlaumu? Angeweza pia kusema, uacheni wote, akaonekana mwema, watu wakamsifu. Hakutaka sifa na hakutaka kumkomoa mtu. Alikuwa amechoka, mwili mzima, kama aliyebeba ndoo zote za ile nyumba ya mjini kwa safari moja.

"Palipong'olewa ni pangu," akasema. "Palipobaki ni pa watoto. Mke wangu, lete vikapu."

Wakazoa. Mvua nyingine ilikuwa imeanza kujikusanya nyuma ya mlima, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kununa kila mtu kwenye kona yake. Kwanza Mchwa akaziba miguu ya ukuta, jiwe kwa jiwe, na wanawake wakajaza vikapu. Udongo haukuwa ule ule. Ulishachanganyika na changarawe ya chini, ukiukamata unachoma. Alijua atakaa miaka anachambua. Sehemu mbili akaacha mdomo kwenye ukuta, mdogo, wa kupita mkono. Hakusema ni kwa ajili ya nani.

Bwana Kesho alisimama muda mrefu njiani na mtama wake miguuni. Halafu akaenda nyumbani kwake, watu wakadhani ndiyo basi. Akarudi na kikapu. Akajaza, akapandisha, akamwaga, akashuka. Hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza.

Jambo moja nikuambie, dogo tu, lakini mke wa Mchwa ndilo analolisimulia mpaka leo, halisimulii lile la mtama. Kikapu kikijaa hujitwiki mwenyewe, lazima mtu akushikie upande wa pili. Na tangu utoto, kwenye ule mteremko, aliyekuwa akimtwika Mchwa ni mdogo wake. Hata alipokuwa mvivu, hilo alikuwa analifanya. Anakaa kwenye jiwe anangoja kaka ashuke, amtwike, akae tena. Basi siku ile Mchwa akajaza kikapu chake, akainama kukishika. Mdogo wake alikuwa pale pale, hatua moja. Akaweka chake chini, akaja, akashika ukingo wa pili kama kawaida. Mchwa akakiachia. Akasimama wima, akamwita mkewe kutoka mwisho wa shamba, "Njoo unitwike." Na akangoja, mpaka yule mama akatembea pale pote akafika. Bwana Kesho akaondoa mkono wake, akaufuta kwenye suruali, ingawa suruali yenyewe ilikuwa tope tupu.

Walipomaliza cha kumaliza, wingu lilikuwa limeshafunika jua. Juu kulikuwa na udongo kwenye ngazi ya kwanza na nusu ya ya pili, mwembamba, umetandazwa. Kwingine kote mwamba.

Bibi alikuwa ameokota maharage yake yote pale mlangoni, akayaosha, akayapika mwenyewe, na hakutaka mtu amsaidie. Akatandika mkeka chumbani kwa Mchwa, akaweka sufuria katikati, akaagiza wa nyumba ya chini waitwe na wa juu waitwe. Watoto wakaja mbio, wao hawana habari. Mke wa Bwana Kesho alikataa kuingia, akasimama nje na mikono yake imechanika, mpaka mke wa Mchwa akamshika kiuno akamwingiza. Bwana Kesho akaketi karibu na mlango, goti moja ndani goti moja nje.

Mchwa alikuwa bado uani, ananawa. Alinawa mikono, akanawa tena, akanawa mpaka viwiko, na tope lilishatoka zamani.

"Chakula kinapoa," mama yake akasema kwa ndani.

Akajimwagia maji mengine.

"Mwanangu. Nimekuudhi, najua. Sitakuomba uniambie si kitu. Njoo ule."

Akaingia. Mdogo wake akasogea kumpisha, akavuta mguu, akafungua mdomo, na kila mtu mle ndani alijua lile tabasamu la kuanzia mzaha. Akamtazama kaka yake usoni. Akaufunga mdomo. Mchwa akapita, akazunguka nyuma ya watoto mpaka upande wa pili wa mkeka, akakunja miguu akakaa na mkewe huku na shemeji yake kule. Mama yao akapakua, akaanza na watoto, halafu Mchwa, halafu mdogo wake, wote sawa sawa. Mvua ikaanza kudondoka juu ya bati, tone moja moja. Wote wakainua macho juu kusikiliza, kisha wakayashusha, wakaanza kula.